Pembea ya Nazi

Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa na uzito wa nazi kumi na nne. Kwa kilo sijui, wala nyumbani kwetu hapakuwa na aliyejua, kwa sababu mama hakukubali mtoto wake awekwe kwenye mizani. Na mizani ilikuwepo. Baba alikuwa na duka la misumari, kamba, sukari na unga katika mtaa wa kale wa Bagamoyo, na nyuma ya kaunta ilisimama mizani ya chuma iliyoweza kupima gunia zima. Kila baba alipotaka kunipandisha juu yake kwa mzaha, mama alinivuta mkono. "Mwanangu si sukari," alisema. Aliamini kwamba mtoto akipimwa kama bidhaa hupatwa na jicho la watu, na baba, aliyeweza kubishana na wafanyabiashara wa mji mzima bila kuchoka, kwa hilo alinyamaza.

Nazi zilikuwa jambo jingine. Nazi zilikuwa mchezo, na mchezo haumdhuru mtoto. Ndivyo mama alivyolipanga jambo hilo kichwani mwake, nami sijawahi kumlaumu.

Mchezo wenyewe ulikuwa kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, nje kidogo ya mji, penye minazi. Siku hizo barabara ilikuwa ya udongo, na gari likija uliliona vumbi lake kabla hujalisikia. Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kurudi kwenye kilimo, alikuja shambani kwake na ekseli ya lori lililokufa. Akaiegesha juu ya nguzo mbili nene, akaifungia boriti ndefu zilizopishana, na kwenye kila ncha akaning'iniza kasha lililowahi kuja na majani ya chai. Makasha manne, ncha nne. Hiyo ndiyo ilikuwa pembea yetu. Ilizunguka kama gurudumu, na kasha likifika juu kabisa lilikuwa limepita paa la nyumba ya mzee kwa mbali. Jumapili familia za Dar es Salaam zilisimamisha magari yao madogo hapo, watoto wakashuka na soksi zao nyeupe, na sisi wa Bagamoyo tuliwaonea huruma. Wao wangepanda mara moja wakaondoka. Sisi pembea ilikuwa ya kwetu.

Haikuwa na injini. Ilizungushwa kwa mikono, ya mzee mwenyewe na vijana wake wawili, na mikono ya binadamu haipendi kuinua mzigo usio na mwenzake. Kwa hiyo mtoto akikaa kwenye kasha moja, kasha la upande wa pili lilijazwa nazi, zile zenye makumbi yake, mpaka boriti ilale sawasawa. Hapo ndipo mzee alipotema mate viganjani na kuanza kusukuma. Kazi ya kupakia nazi, kutoka juu ya jukwaa la mbao, ilikuwa ya mkewe, mama mnene mwenye sauti ya upole, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku za kawaida alipakia watoto kwa watoto na nazi zikajazia upungufu, harakaharaka, magari yakisubiri. Lakini Idd kila mtoto alikaa peke yake kwanza, na nazi zikaingia moja moja, sisi wengine tukihesabu kwa sauti moja. Mama mmoja mgeni aliwahi kulalamika kwamba si vizuri kuwahesabu watoto wa watu hadharani. Mke wa mzee hakukasirika. "Tunahesabu nazi," alimjibu. "Hatuhesabu watoto."

Idadi yako ya Idd ulitembea nayo mwaka mzima. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne na aliyependa kula kuliko kitu chochote duniani, alikuwa nazi ishirini na sita, na aliitaja kila alipopata nafasi. Tukigombana alisema, "Nyamaza wewe kumi na nne." Nilikuwa mtoto mwenye hasira nyingi na mwili mdogo wa kuzibebea.

Palikuwa na mengine pia. Juu ya nguzo moja mzee alipigilia kioo cha ubavuni cha lile lori lake, na kwa kuwa kilikuwa kimebinuka, ukijitazama ulijiona una mashavu mapana na pua iliyoenea uso mzima. Nilikipenda kioo kile kuliko kioo chochote. Palikuwa na kobe aliyefungwa kamba kwenye mguu, akila maganda ya maembe, hana habari na sikukuu ya mtu. Palikuwa na maji ya ukwaju kwenye ndoo ya bati, kashata, na mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili. Vumbi la barabara liliingia katika vyote, na mpaka leo mhogo wa kuchoma usio na vumbi naona umepungukiwa.

Basi mwaka nilioingia saba niliugua surua. Sikumbuki ugonjwa wenyewe, nakumbuka chumba chenye giza na mkono wa mama. Nilipotoka nje nilikuwa nimebaki macho na magoti. Nguo zangu zote zilikuwa za mtu mwingine. Mama alisema nitarudi katika hali yangu baada ya wiki chache, lakini wiki zilipita na mimi nikabaki vilevile, nikiokota chembe za wali na kuziacha.

Habari zilifika Pangani, kwa shangazi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba. Mama yao alifariki baba akiwa hajaanza kutembea, na shangazi, mwenyewe akiwa bado msichana, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamwozesha. Yeye hakujaaliwa mtoto. Mumewe alikwisha kufariki, na aliishi peke yake katika nyumba ya mawe karibu na mto. Alikuja kunitazama, akakaa nasi siku chache, na siku ya kuondoka aliomba kusema na baba na mama. Walikaa kwenye mkeka chumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mahali ambapo watoto wa kwetu walisomea habari zote za muhimu.

"Ndugu yangu," shangazi alisema, "nipe huyu mtoto nikamlee."

Baba alianza kuchomoa ukindu kwenye ukingo wa mkeka.

"Wewe umejaaliwa wawili. Mimi nikifunga mlango jioni nafunga nyumba tupu. Na huyu hapa hanenepi, unamwona mwenyewe. Kwangu kuna maziwa, kuna samaki wa mtoni, kuna upepo. Nitamrudisha kila mkimtaka."

Kwa msomaji wa leo pengine hili litaonekana la ajabu. Kwetu halikuwa la ajabu hata kidogo. Ndugu asiye na mtoto hupewa mtoto wa nduguye, na mtoto huyo hukua na nyumba mbili. Nusu ya wenzangu wa mtaani walilelewa na shangazi na khalati zao, yaani dada za mama. Na kumkatalia dada aliyekubeba mgongoni ni jambo ambalo baba hakuwa na mdomo wa kulisema. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Neno halikuwa lake, lilikuwa la mumewe na wifi yake.

"Dada," baba alisema mwishoni, "tungoje Idd. Mwaka jana alikuwa nazi kumi na nne pale kwa mzee wa pembea. Akifika kumi na sita, tujue hewa ya hapa inamfaa, tumwache. Asipofika, nitamleta Pangani mimi mwenyewe."

Shangazi alifikiri kidogo. "Haya," alisema. "Nitakuja nizione hizo nazi."

Nilikimbilia uani nikakaa nyuma ya pipa la maji. Sikutaka kwenda Pangani. Sikuwa na ugomvi na shangazi, lakini nilitaka kulala mahali ambapo nikinyoosha mguu namgusa kaka, na nikiamka nasikia baba anafungua milango ya duka. Nilitaka pembea. Kila kitu nilichokipenda kilikuwa kinangojea nazi mbili, na mimi sikujua mtu anazipata wapi nazi mbili za mwili.

Mama alijua. Ramadhani nzima, wakati wakubwa wamefunga, mimi nililishwa. Uji wa mtama na maziwa asubuhi, mayai, ini la mbuzi, samli kwenye wali, tende tatu za kulalia. Nilikula mpaka machozi yakanitoka. Kaka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kufunga, alikaa mbele yangu akinitazama kwa chuki halali kabisa. Kila asubuhi aliniminya mkono kama anayenunua kuku sokoni. "Bado," alisema, akaenda zake shule. Siku moja, bila kusema kitu, aliweka kipande chake cha halua kwenye sahani yangu. Hapo nilijua kwamba hali ni mbaya.

Shangazi aliwasili siku chache kabla ya mwezi kuandama. Alikuja na kopo la halua na viatu vyekundu vya ngozi, vyenye kifungo pembeni, vilivyonizidi. "Atavifikia," alisema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilianza vizuri, lakini alinishinda. Alikuwa anajua kuogesha. Watu wengi hawajui kuogesha mtoto, hukusugua kama sufuria. Yeye alinimwagia maji polepole, akinisimulia habari za paka wake mwizi wa samaki, kisha akaniinua kutoka kwenye beseni kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshika kanga ya kunifutia. Siku ya tatu nilijikuta namngoja aje kuniogesha. Jambo hilo liliniudhi sana.

Tulikwenda kwenye pembea Idd pili, kwa lori la chumvi la jirani yetu. Lori hilo wiki nzima lilibeba chumvi kutoka mashambani pwani, na Idd lilibeba watoto wa mtaa, na hata likifagiliwa vipi, ukishuka makalio ya nguo yako mpya yalikuwa meupe. Wanaume na watoto walisimama nyuma wakiimba. Mama na shangazi walikaa mbele na dereva, nami nikapakatwa na shangazi, viatu vyekundu vikining'inia. Alinishika kiunoni njia nzima. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo nilirushwa juu nikarudi mapajani pake. Sikuimba.

Tulikuta umati. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha lori, nikajitazama. Nilikuwa na mashavu mapana, mashaallah. Nikajipa moyo.

Zamu yangu ilipofika baba aliniinua akaniketisha ndani ya kasha. Mzee wa pembea alishika boriti isicheze. Mkewe akaanza kuchukua nazi kutoka kwenye rundo lililokuwa miguuni pake, na watoto wakaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nazi ikidondoka ndani ya kasha la mbao hutoa mlio, na kwa kila mlio nilikunja kidole kimoja. Nilifumba macho kwenye kumi. Kwenye kumi na nne niliyafumbua. Kasha langu lilikuwa bado limekaa chini.

Kumi na tano. Kumi na sita. Nilimtazama kaka, na kaka akarusha kofia yake juu. Nimebaki! Nilitaka kupiga kelele, ila niliogopa nikijitikisa nitaharibu hesabu.

Lakini kasha langu halikupanda. Mzee alilegeza boriti, nami nikabaki chini kama niliyekalia jiwe. Kumi na saba. Kumi na nane. Watoto walihesabu kwa furaha zaidi. Ishirini. Sasa walianza kucheka, na mtu mmoja huko nyuma akauliza mtoto huyu amekula nini mwezi mzima, au amemeza futari ya mtaa. Nilimtafuta mama kwa macho. Nilitegemea kumwona anafurahi. Mama alikuwa ameshika ncha ya buibui lake katikati ya meno. Baba alikuwa amevua kofia na anaitazama ndani, kana kwamba ameangusha kitu humo.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

"Labda viatu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Vile viatu ni vizito."

Hapo shangazi alipanda jukwaani. "Lete nikusaidie, mama," alimwambia mke wa mzee, na kabla huyo hajakataa, aliinama akachukua nazi moja mwenyewe. Hakuiweka kwenye kasha. Aliipandisha mpaka sikioni, akaitikisa. Mara moja, na mara ya pili. Kisha alimtazama baba, na baba akamtazama kobe. Alimtazama mama, na mama akaja kunirekebisha mkufu wangu wa shanga, ambao haukuwa umekwenda upande wowote. Mwisho alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda nilioona ni mrefu. Kisha akaenda mpaka kwenye kasha la nazi, akaiweka ile ya mkononi taratibu juu ya zile nyingine, na mimi nikaondoka ardhini. Boriti ililala sawasawa.

"Ishirini na tatu," alisema shangazi, peke yake, kwa sababu watoto walikuwa wamesahau kuhesabu. "Mashaallah. Hewa ya hapa inamfaa."

Mama alipiga kigelegele kilichochelewa kidogo. Wengine wakamfuata. Mzee akatema mate viganjani, na pembea ikaanza.

Nimepanda ndege tangu hapo, na nimepanda meli, na hakuna kilichonipandisha juu kama kasha lile la chai siku ile. Nilikuwa nabaki. Nilipofika juu kabisa niliona barabara yote nyekundu na magari mawili yakija na vumbi lao, niliona paa la mzee lenye malenge yaliyotambaa, niliona ukanda wa bahari nyuma ya minazi. Na kila nilipozunguka niliona kitu kingine cha chini. Mzunguko mmoja niliona kaka anabishana na mke wa mzee, kwa sababu ilikuwa zamu yake na mama yule alikuwa anaziondoa nazi na kuzifunika gunia. "Nazi zimechoka," nilimsikia akimwambia. "Utapimwa mwakani." Kaka hakuisahau siku hiyo. Mpaka utu uzima wake alilalamika kwamba aliibiwa Idd.

Mzunguko mwingine niliona shangazi na mke wa mzee wamesimama wawili tu kando ya meko ya mihogo. Wanazungumza. Nilipozunguka tena, shangazi alikuwa amejifunika uso kwa ushungi wa buibui na mabega yanatikisika. Nikajua analia kwa sababu yangu. Furaha yangu iliingia doa, lakini nikiri kwamba lilikuwa doa dogo. Nilikuwa na miaka saba, na nilikuwa juu.

Shangazi alirudi Pangani na kopo tupu la halua. Viatu vyekundu aliniachia. Alikuja kila Idd baada ya hapo, akaniogesha mpaka nikawa mkubwa wa kuona haya, na neno la kunichukua hakulirudia tena. Mwaka uliofuata nilipimwa nazi kumi na nane, na ajabu ni kwamba hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza zile nyingine zimekwenda wapi.

Pembea ilidumu hadi nilipokuwa msichana mkubwa. Kisha petroli ikaadimika, magari yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri, na wale watoto wa soksi wakaacha kuja. Vijana wa mzee walikwenda kutafuta kazi. Mzee mwenyewe mikono ilichoka, na gurudumu lile bila mikono lilikuwa mbao tu. Sikuiona ikifungwa. Nilikuwa chuo cha ualimu, na niliporudi likizo niliambiwa kama mtu anavyoambiwa mvua ilinyesha juzi.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwalimu na nina binti wa miaka mitatu, tulishuka pale njiani kutoka Dar es Salaam kwa sababu basi letu lilipasuka mpira. Nilipatambua kwa malenge. Makasha hayakuwepo. Nguzo moja ilikuwa imelala chini, ya pili ilikuwa imefungwa kamba ya kuanikia nguo. Mke wa mzee alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yake, mwembamba sasa, anakuna nazi kwenye mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilijitambulisha kwa baba na duka lake. Alinikazia macho, kisha uso wote ukafunguka. "Ishirini na tatu!" alisema.

Tulicheka. Alinikaribisha kwenye mkeka, akampa binti yangu kipande cha nazi cha kutafuna, akaniambia mzee alikwisha kufariki kwa amani, usingizini. Halafu akasema, "Wazazi wako waliniweka matatani siku ile."

"Kwa nini?"

"Mama yako alikuja hapa siku mbili kabla ya Idd. Kwa miguu, kajifunika gubigubi. Akaniomba nitafute nazi nyepesi. Nilikuwa na rundo la mbata pale nyuma, zimekauka ndani kabisa, zinangoja mnunuzi. Nazi ya namna hiyo haina maji, mtoto zinahitajika nyingi kumwinua. Nikamwambia sawa, nitachanganya chache. Akaniapisha nisimwambie mumewe." Aliendelea kukuna. "Kesho yake akaja baba yako."

Nilimsogelea.

"Kaja na baiskeli. Kakaa pale pale ulipokaa, kazungumza habari za bei ya kamba mpaka nikachoka. Mwishowe akasema, mama, dada yangu amenilea, siwezi kumkatalia kwa mdomo wangu. Huwezi kupata nazi nyepesi? Na usimwambie mke wangu. Basi mimi ningefanyaje? Nikachanganya za mama, na juu yake nikachanganya za baba. Nazi nzima zilibaki kidogo sana. Nilipofika kumi na nane nilianza kusoma dua kimoyomoyo."

Nilicheka mpaka binti yangu naye akacheka bila kujua. Wazazi wangu walikaa pamoja maisha yao yote, na sidhani kama walipata kuambiana. Kisha nikakumbuka mkono ule uliopanda hadi sikioni.

"Na shangazi yangu?" niliuliza.

"Yule alijua kabla ya nazi," alisema. "Alikuwa amekwisha kukupakata kwenye lori. Mtu aliyekupakata utamdanganya nini? Alikuja pale mekoni, nikadhani ananigombeza. Akaniuliza, wamekuja wote wawili? Nikasema wote. Kila mmoja kwa siri yake? Nikasema kila mmoja kwa siri yake. Akasema, basi mtoto huyo akae kwao."

"Nilimwona toka juu," nilisema. "Alikuwa analia."

Bibi aliacha kukuna. "Alianza kwa kucheka," alisema.

Mpira wa basi ulizibwa, tukaondoka, nami nilikaa dirishani nikilia waziwazi, binti yangu amenilalia. Niliwalilia wote, na yule aliyekwenda kufunga mlango wa nyumba tupu zaidi ya wote.

Shule zilipofungwa tulikwenda Pangani. Sikumwandikia shangazi, tulifika tu. Alikuwa barazani anachambua mchele, na kwanza alinigombeza kwa kuja bila habari na yeye hana samaki wa maana ndani. Kisha alisukuma ungo pembeni, akamwita binti yangu. Akamwinua, kwa mikono miwili sasa, akampandisha hadi karibu na sikio lake, akamtikisa kidogo. Mtoto akacheka kwa sauti. Shangazi alinitazama juu ya kichwa chake.

"Huyu ana maji," alisema.

Nilikuwa nimepanga tukae siku mbili. Tulikaa likizo nzima, na iliponilazimu kurudi kazini nilirudi peke yangu, nikamwachia mtoto mpaka Idd.